Wadogo zangu wa dizaini, mwachieni mtu ashike simu mwenyewe

Jumamosi iliyopita vijana wawili waliniletea potfolio zao, yaani mikusanyo ya kazi walizochora, pale Mwanga, kwenye chumba changu juu ya duka la vifaa vya umeme. Mmoja anatoka Gungu, mwingine Ujiji. Wote wawili wamechora upya programu ileile ya kuagiza chakula, ya kampuni ambayo haijawahi kufikisha hata chapati Kigoma. Na wote wawili wana mtumiaji wa mfano, yule mtu wa kubuni unayemchorea, anayeitwa Sarah. Sarah ana miaka 28, anapenda yoga na kahawa, na kero yake kubwa maishani ni kukosa muda. Nikamuuliza yule wa Gungu, "Dogo, Sarah anakaa mtaa gani?" Akacheka. Mimi sikucheka sana, maana mwaka 2017 mtumiaji wangu wa mfano aliitwa Jessica.

Nimechoka kuyasema haya kwa mdomo kwa kila kundi jipya huku chai inapoa, basi nayaandika. Mnaojua fremu na komponenti, mliokwisha kuunga prototaipu, ule mfano wa programu unaobonyezeka, mkakesha nayo, endeleeni kusoma. Wengine kajifunzeni Figma kwanza, ile programu ya kuchorea skrini, wiki mbili zinatosha, halafu mrudi.

1. Potfolio. Programu kubwa zina madizaina wao wanaolipwa, na wana data ambayo wewe huna. Ukiwabadilishia rangi ya batani umepaka rangi nyumba ya jirani ambaye hakukuita. Chukua kinachokukera hapa hapa: tiketi ya basi ambayo kiti namba 14 kimeuzwa kwa watu wawili, au daftari la mkopo la duka la mama yako. Daftari la mkopo, jamani! Lina watumiaji, lina siri, lina ugomvi, lina mtu anayeapa kwamba alishalipa Ijumaa. Kijana akiniletea daftari la mkopo lililochorwa vizuri namtafutia kazi siku hiyohiyo. Kazi tatu zinatosha, na mojawapo ionyeshe ulipokosea.

2. Toka nje na simu saa saba mchana. Ule ukijivu mwepesi juu ya nyeupe mnaoupenda wote, ukifika nao ufukweni Kibirizi hakuna kitu, unaona uso wako tu. Miongozo ya wavuti inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa mwanga wa angalau 4.5 kwa 1, na kwa jua letu mimi naongeza. Google wanashauri batani isipungue dp 48 (dp ni kipimo cha skrini) kila upande, na sidhani kama walikuwa wanamfikiria mtu mwenye magamba ya samaki vidoleni.

3. Hii ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike. Vumilieni, ni ndefu.

Mwaka 2019 nilipewa kazi ya kuchora programu ya kuagiza dagaa. Wazo lilikuwa zuri, na hadi leo nasema lilikuwa zuri: kina mama wanaokausha dagaa Kibirizi wapokee oda za wanunuzi wa Tabora na kwingineko moja kwa moja, bila dalali katikati. Nikachora mwezi mzima. Zilikuwa skrini 34. Ikoni ya samaki peke yake ilinichukua siku mbili, alikuwa na jicho linalopepesa.

Siku ya majaribio nikaenda mwaloni na kreti ya soda. Mwenyekiti wa kikundi akanikusanyia kina mama kumi na mmoja, naye akaketi palepale kusikiliza. Nilivaa vizuri. Nikamkaribia kila mmoja na simu yangu mkononi, nikamwonyesha: hapa unabonyeza hivi, hapa oda inaingia, hapa unathibitisha. Kidole kilichobonyeza kilikuwa changu. Kisha nikauliza, "Mama, unaionaje?"

"Nzuri sana, mwanangu."

Mara kumi na moja. Mmoja akaongeza "Mungu akubariki". Nikarudi mjini na bodaboda nikiwa nimejaa kama pishi, nikaandika kwenye ripoti kwamba watumiaji kumi na mmoja kati ya kumi na mmoja wameridhika. Ile sentensi ninayo bado. Huwa naifungua nikianza kujisikia.

Programu ikaanza kutumika, ikaingia masika. Mama mmoja, wa tatu kati ya wale kumi na mmoja, akapata oda ya magunia manne kutoka Tabora. Akaipokea. Boti zikarudi na mzigo mkubwa usiku ule, akaona anaweza kutoa sita. Akakopa dagaa kwa wenye boti, akawaanika kwenye vichanja, akafungua simu ya mwanawe ili abadili nne iwe sita.

Kwenye skrini ya oda nilikuwa nimeweka batani mbili, "Thibitisha" na "Ghairi". Akabonyeza Ghairi. Kikafunguka kidirisha: "Una uhakika unataka kughairi?" Chini yake batani mbili tena: "Ghairi" na "Sawa".

Someni tena hicho kidirisha taratibu. Mimi mwenyewe niliyekichora, leo nikikiona lazima nifikirie kwanza ipi inafuta na ipi inarudi nyuma. Mama akabonyeza Sawa. Oda ikafutika. Mnunuzi wa Tabora akapata ujumbe kwamba muuzaji amejitoa, akanunua kwa mtu mwingine kabla ya jioni. Na mama, kwa sababu skrini ilimrudisha mwanzo bila kumwambia lolote, akajua mambo yameenda. Akawasubirisha dagaa. Siku ya pili mvua ikanyesha kutwa. Anayejua dagaa anajua: wakilowa wanabadilika rangi, wananuka, na bei yake inashuka mpaka ya chakula cha kuku. Na deni la wenye boti halikulowa.

Hakunipigia. Hakuna aliyenipigia. Nilijua baada ya wiki tatu, tena kwa sababu nilikwenda kupiga picha za ripoti. Picha! Nikamkuta anageuza dagaa, nikamwambia nimekuja kuona programu inavyomsaidia. Akanyamaza kidogo, kisha akanisimulia yote kwa upole, kama mtu anayekuambia umevaa nguo nje ndani.

Nikamwambia, na hapa bado naona haya, "Lakini mama, si ungebonyeza Ghairi kuondoka?"

"Mwanangu, kughairi si kubadili mawazo? Mimi nilikuwa nimebadili. Nne zimekuwa sita."

Sikuwa na jibu. Yuko sahihi. Kamusi yoyote ya Kiswahili iko upande wake. Mimi nilikuwa nimechukua neno kutoka kwenye simu za viwandani, mahali ambapo limebandikwa kila dirisha kama stika, sikujiuliza mtu aliyezaliwa na lugha hii akilisikia anaelewa nini.

Nikauliza la mwisho: kwa nini siku ile ya soda alisema ni nzuri?

"Umetoka mjini na jua lote lile, umetuletea soda, mwenyekiti amekaa hapo. Nikwambie mbaya ili iweje? Na simu uliishika wewe. Ilikuwa nzuri kweli ulipokuwa unaishika wewe."

Nilikwenda kukaa kwenye ukingo wa mtumbwi mmoja uliopinduliwa. Sehemu ya deni nililipa mimi kwa miezi minne, mama hakutaka nilipe yote. Alinifungia na dagaa wa kwenda nao nyumbani. Sikuweza kuwala kwa siku kadhaa, halafu nikawala, walikuwa watamu mno.

Sasa kidirisha changu kinasema "Futa oda ya magunia 4?" na batani zinasema "Futa" na "Usifute". Kubadili idadi kuna batani yake peke yake. Oda ikifutwa, inakaa nusu saa kabla ya mnunuzi kuambiwa, na muuzaji anapata ujumbe mfupi. Mambo haya yalihitaji siku moja ya kazi. Yule samaki alihitaji mbili.

Kwa hiyo mnaponiona nakuwa mkali mkisema "dada, nimewajaribisha watu saba na wote wameipenda", mjue ninachokisikia masikioni ni ile kreti ya soda inagongana. Watu wetu wana adabu. Mgeni hatukanwi kazi yake mbele ya watu. Usimuulize mtu anaionaje, mpe kazi aifanye: "Mama, mteja anataka sita badala ya nne, ufanyeje?" Mwachie simu, yake mwenyewe kama anayo, yenye kioo kilichopasuka. Kalia mikono yako. Kimya kikizidi, kizidi tu. Na mwenyekiti mwombe kwa heshima akusubiri pale kwenye kivuli kingine.

4. Idadi. Jakob Nielsen, mtafiti wa namna watu wanavyotumia programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji watano wanatosha kwa jaribio moja, na kila dizaina mchanga analijua hilo kwa sababu linampunguzia kazi. Alichosema ni watano, rekebisha, kisha watano wengine. Mimi nilikuwa na kumi na mmoja na sikujaribu mtu yeyote.

5. Chora kwanza kama menyu ya nyota na reli, ile ya kubonyeza namba kwenye kitochi. Mnacheka, lakini ujumbe mmoja wa menyu ile unabeba herufi 182 tu. Kama safari ya mtumiaji wako haiwezi kusimuliwa kwa orodha za namba ndani ya herufi 182, tatizo liko kwenye mawazo yako na hakuna kivuli wala kona ya mviringo itakayolificha. Tena bibi yangu, ambaye hajawahi kugusa simu janja, anatuma pesa kwa kitochi usiku bila miwani, amekariri njia nzima kwa vidole. Siku moja walibadilisha mpangilio wa namba kwenye menyu yake, akakaa wiki nzima anaamini simu imelogwa. Kila mkitaka kuhamisha batani kwa sababu "inapendeza zaidi kulia", mfikirieni bibi.

6. Skrini tupu. Wengi mnachora skrini iliyojaa tu, orodha nzuri, picha nzuri, majina mafupi yanayoenea. Dagaa wanavuliwa kwa taa gizani, mbalamwezi ikiwaka uvuvi unalala, kwa hiyo kila mwezi kuna siku orodha ni tupu na hakuna kilichoharibika. Tuliyakumbuka hayo. Tuliyoyasahau yalikuja mwaka 2024, Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Skrini yetu iliandika "Hakuna matokeo. Jaribu tena." Kuna wanunuzi waliojaribu tena, na tena, mpaka wakatupigia kutusema. Andika sababu, na andika lini.

7. Makabidhiano kwa deva, yule anayeigeuza michoro yako kuwa programu. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa kwenye masanduku, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam, ikapanda treni, ikaungwa upya hapa Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Nani alikuwa na haki ya kuandika kwenye sanduku "Fremu 212 nakala mpya ya mwisho kabisa 3"? Faili lako ndiyo masanduku hayo: kila fremu, yaani kila skrini uliyochora, ipe jina linaloeleweka. Onyesha mtandao ukikatika inakuwaje. Kisha mwende kwa deva mpige naye stori, ana mengi ya kukuambia na huwa hakuna anayemuuliza.

8. Malipo ya awali nusu, kwa maandishi, hata kama mteja ni shemeji. Hasa kama ni shemeji.

9. Saa. Mtu akisema mzigo unaondoka saa mbili, na programu yako ikamwandikia 2:00, umemwamsha usiku wa manane. Andika "saa 2 asubuhi".



Jumamosi hii nawapeleka Kibirizi, nyote wawili na yeyote mwingine atakayekuja. Tukutane pale boti za kwenda Gombe zinapopakia, saa kumi na moja alfajiri, wakati boti za dagaa zinarudi. Soda msibebe. Potfolio msibebe. Njooni na kalamu na daftari, na mkifika msalimieni kila mtu kabla ya kufungua midomo kuuliza chochote. Yule mama wa tatu bado yupo, ndiye atakayewapokea, na nimemwomba awe mkali.

Na wewe wa Gungu, njoo na Sarah.