Dakika 15 na familia ya mgonjwa wa akili

Kikao cha familia wodini huharibika pale muuguzi anapokianza kwa kueleza ugonjwa na dawa. Mama ambaye hajalala siku tatu hasikii maelezo ya dozi. Anasikia kwamba alikosea. Uliza kwanza, fundisha baadaye.

Tusisingizie muda. Mbinu ya kuzungumza na familia iliyoanzia Calgary, Kanada, inaweza kutumika hata kwa dakika 15. Jitambulishe, muulize kila aliyekuja jina na uhusiano wake na mgonjwa, kisha mchore pamoja mti wa familia: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, vizazi vitatu ikiwezekana. Mara nyingi ndipo anapoibuka mtu muhimu ambaye hakualikwa, kama nyanya anayesimamia dawa.

Halafu uliza: "Kama tungeweza kujibu swali moja tu leo, mngependa liwe lipi?" Ukishauliza, nyamaza. Usijaze kimya chao. Muulize pia mmoja kuhusu mwenzake: "Kaka yako anapojifungia chumbani, nani huumia zaidi?" Epuka "kwa nini". "Kwa nini mlichelewa kumleta?" hufunga midomo, "Nini kiliwafanya mumlete leo?" huifungua.

Kabla hawajaondoka, wasifu kwa jambo uliloliona. "Mnajitahidi" haitoshi. Sema, "Alikuwa akiwafukuza, lakini mmekuja kila siku." Familia nyingi huingia zikiamini ndizo zilizosababisha ugonjwa, na huenda hakuna aliyewahi kuwaambia neno kama hilo.

Lawama za nyumbani zinahitaji uangalifu zaidi. Tangu utafiti wa mwanasosholojia George Brown huko London, inajulikana kwamba mgonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini yasiyo kweli) anayerudi kwenye ukosoaji mwingi, uhasama au kuingiliwa kupita kiasi huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua tena. Usiitumie elimu hiyo kuwahukumu. Mara nyingi baba anayegomba amechoka, na kutoamka kwa mwanawe anakuona uvivu. Mweleze kwamba ugonjwa wenyewe hunyang'anya ari, na lawama hupungua.

Mgonjwa akikataa habari zake zitolewe, mheshimu, lakini usiifukuze familia: kuwasikiliza hakuvunji siri, wala kueleza ugonjwa kwa ujumla. Muulize tena akitulia, kwa undani: habari gani, kwa nani? Aliyekataa siku ya kulazwa huweza kukubali dada yake ajue kuhusu dawa tu. Na pakiwa na dalili za ukatili nyumbani, mwone kila mmoja peke yake kwanza.