Zarra ana magoli 251 au 332?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nabishana na jamaa yangu kijiweni kuhusu Telmo Zarra, yule straika wa zamani wa Athletic Bilbao ya Hispania. Mi nasema ana magoli 251, yeye katoa simu ana picha imeandikwa 332, anasema Messi mwaka 2014 alirushwa juu bure kwa kuvunja rekodi ya Zarra maana alikua na 253 tu. Tumewekeana soda. Nani kakosea?

JIBU: Marahaba. Hiyo picha, na ndugu zake, natumiwa karibu kila wiki, kwaiyo samahani kama nitaongea kwa ukali kidogo. 332 haijatungwa, na ndo ubaya wake. Zarra ana magoli 251 ya ligi na 81 ya Kombe la Hispania, mtu kakaa kayajumlisha alafu akayaweka safu moja na magoli ya Messi ya ligi peke yake. Ni sawa na kumpimia huyu unga na gunia lake, mwenzie bila gunia. Rekodi aliyoivunja Messi siku ile dhidi ya Sevilla ilikua ya ligi, basi.

Fainali ya kombe ya 1950 Bilbao ilimfunga Valladolid 4-1 na yote manne kafunga Zarra. Mazuri sana, ila kwenye zile 251 hayamo hata moja. Na huyo mtengeneza picha nina wasiwasi hata hajui kombe lenyewe enzi hizo liliitwa Copa del Generalísimo, au kwamba kuanzia 1941 utawala wa Franco, dikteta wa Hispania, ulikataza majina ya kigeni, Athletic ikalazimika kuitwa Atlético de Bilbao. Nimeshaona jedwali mtu kaona neno Atlético tu akapeleka magoli ya Zarra kwa Atlético ya Madrid!

Alafu kuna wale wa "zamani mabeki walikua wabovu". Msimu wa 1950–51 Zarra alifunga 38, ligi ina timu 16 yani mechi 30 tu. Hugo Sánchez wa Real Madrid alipozifikia 38 mwaka 1990 alicheza mechi 35. Gawanya kwanza ndo ubishane: Zarra 251 kwa mechi 277, Messi hadi anaondoka Barcelona 474 kwa mechi 520, wote wanaangukia 0.9 na kitu, tofauti yao ni ndogo mno. Mtu anayekupa jumla bila idadi ya mechi hajakupa kitu.

Na usidhani haya ni matatizo ya magazeti ya zamani. Septemba 2010 Real Madrid wako kwa Real Sociedad, Ronaldo kapiga frikiki mpira ukamgonga Pepe ukaingia. Ligi ikampa Pepe, gazeti la Marca likampa Ronaldo, ndo maana msimu ule mpaka leo Ronaldo huku ana 40 kule ana 41, na kamera zilikuwepo kila kona. Sasa wewe fikiria goli la 1946 kwenye tope, hakuna televisheni, kuna ripoti ya refa na mwandishi mmoja amekaa jukwaani na penseli. Anayefanya kazi hii kweli anakwambia kahesabu mashindano gani na kafuata ripoti ya nani. Hawa wa magrupu ya mikeka wanaouza "data za uhakika" elfu tano kwa wiki ukiwauliza hilo swali moja wanakublock, mimi wameshaniblock watatu.

Soda anunue mwenzio. Ila mwambie 332 yake ni halali siku mkibishana magoli ya ligi na kombe kwa pamoja, na siku hiyo Messi naye muongezeeni ya kombe.