Shangazi, nikiandikie shairi kifafa changu?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 20, nasoma chuo Dodoma. Nina kifafa tangu darasa la sita. Kabla sijaanguka nasikia harufu ya maziwa yanayoungua hata kama hakuna jiko karibu, halafu kitu kinapanda kutoka tumboni mpaka kooni, na yote yanayotokea naona kama yalishatokea. Chuoni tutakuwa na usiku wa mashairi, nataka kusoma beti mbili tatu juu ya hali hiyo. Nimeanza hivi: "Dhoruba ya giza nene, yanifunika mtumwa." Nimekwama hapo. Mama anasema nisijitangaze, nitakosa mume, na tena kutaja ugonjwa ni kuuita. Mwenzangu wa chumbani hajui lolote. Niandike au niache?*

Marahaba, mwanangu. Andika. Ila hiyo dhoruba iondoe, pamoja na giza lake. Kila anayeandika juu ya ugonjwa hukimbilia dhoruba, na wewe barua yako ina kitu ambacho wengine hawana: maziwa yanaungua na jiko hakuna. Hapo nilisimama nikasoma tena. Huo mshororo wa mtumwa mizani imetimia, lakini sikumwona mtu ndani yake.

Nimeyachukua maneno yako mwenyewe nikayapanga kiutenzi, mizani nane kila mshororo:

Maziwa yanaungua,
Hakuna aliyejua,
Kitu tumboni chakua,
Chapanda hadi kooni.

Si ubeti wa kushinda tuzo, nao utauboresha. Nimechagua utenzi kwa kuwa mishororo yake ni mifupi, na hali yenyewe huchukua sekunde chache, ikizidi sana dakika moja au mbili. Ukitaka shairi huru lisilo na vina, mimi sitagombana nawe; wapo watakaogombana, waache. Ila lolote utakaloandika liwe na mstari unaorudi. Dalili za mtu mmoja kwa kawaida huwa zilezile kila mara: leo maziwa, mwezi ujao maziwa. Kwa hiyo kibwagizo unacho tayari. Hilo neno lako "yalishatokea" ukilirudisha kila mwisho wa ubeti, kufika ubeti wa tatu msikilizaji naye atahisi kwamba jambo hili ameshalisikia, na kweli ameshalisikia. Hutakuwa na haja ya kumweleza hisia hiyo ikoje.

Shairi likomeshe pale kumbukumbu yako inapokatika. Kuanguka usikuandike. Hukukuona, unasimuliwa tu.

Sasa hili la kuuita ugonjwa. Harufu hiyo si ishara wala mgeni anayebisha hodi. Ni kifafa chenyewe, kimeshaanza katika sehemu ndogo ya ubongo, na kikisambaa ndipo unapopoteza fahamu. Ndani ya ubongo, usawa wa sikio, ipo sehemu inayohusika na harufu, kumbukumbu na hisia za tumboni kwa pamoja, ndiyo maana mambo yako matatu yanakuja yameongozana. Katika karne ya 19 John Hughlings Jackson, daktari wa London, aliandika habari za wagonjwa waliosikia harufu isiyokuwepo na kujiona kama wamo ndotoni. Sehemu ya elimu hii ilitokana na watu kueleza walichohisi, kama ulivyonieleza mimi. Basi na daktari wako mpe maneno hayohayo, maziwa na yote. Yanamsaidia kujua kifafa kinaanzia wapi na dawa ipi ikufae. Kipindi cha mitihani usiruke vidonge wala usikeshe, maana hayo mawili huleta kuanguka kuliko shairi lolote.

Mama yako simlaumu. Mtoto akianguka mitaani kwetu, majirani hufika na habari za jini kabla gari la hospitali halijapatikana, na yeye amebeba maneno hayo tangu ukiwa darasa la sita. Usibishane naye. Mwombe afuatane nawe kliniki, amsikie daktari mwenyewe. Na mume atakayekimbia kwa ajili ya beti tatu, heri akimbie kabla ya mahari.

Anayenitia wasiwasi ni huyo mwenzako wa chumbani. Mnalala chumba kimoja na siku ukianguka hatajua la kufanya, au atafanya vile alivyoona kwao: kijiko mdomoni na watu wanne kukukandamiza. Asisikie habari hizi ukumbini pamoja na watu wengine. Mwambie wiki hii, kwa maneno ya kawaida, bila vina. Akulaze ubavu, aweke kitu laini chini ya kichwa, asogeze vitu vigumu, asitie chochote mdomoni, asikushike kwa nguvu. Aangalie saa: ikipita dakika tano, au ukianguka tena kabla hujazinduka, upelekwe hospitali. Na mwambie kwamba povu haliambukizi, hata kama hajauliza. Wengi wanaliogopa na wanaona haya kusema.

Ukihisi dalili ukiwa jukwaani, acha shairi, kaa chini hapohapo, mbali na ngazi. Kwa hiyo huyo mwenzako wa chumbani mtafutie kiti cha mbele.