Leza kali Tabora haivushi mawimbi hadi Kigoma

Je, ukiongeza nguvu ya leza Tabora, mapigo ya mwanga yatafika safi Kigoma kwa faiba (uzi wa kioo unaopitisha mwanga)? Hapana. Kwenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1550 faiba hula takriban desibeli 0.2 kwa kilomita (kila desibeli 10 ni nguvu kupungua mara kumi), na njia ni kama kilomita 400, yaani desibeli 80 kabla hujahesabu viungo. Ukitoka miliwati 1 hadi 10 umepata desibeli 10 tu: kilomita 50, hata Kaliua ni mbali.

Halafu kioo chenyewe kinakugeuka. Mwanga ukiwa mkali, kioo huupunguza kasi zaidi kidogo (athari ya Kerr). Kwa hiyo kilele cha pigo huchelewa, mbele ya pigo huelekea wekundu, nyuma huelekea ubuluu, na rangi hutanuka. Kwa miliwati 10 awamu (hatua ya wimbi katika mzunguko wake) husogea takriban nyuzi 15 kwa kila kipande cha kilomita 80, na kila amplifaya (kikuza mwanga) huanzisha tena mchezo huohuo. Sehemu kubwa ya madhara hutokea kilomita 20 za mwanzo, mwanga ukiwa bado una nguvu.

Weka amplifaya kila kilomita 80 hivi, ingiza miliwati 1 au 2 kwa kila rangi, na ufute konekta kwanza. Vumbi la konekta hulaumiwa mara chache kuliko leza!

Solitoni, yaani mapigo yanayohifadhi umbo lake, ambamo ubuluu wa nyuma huwahi wekundu wa mbele, zipo kweli; maabara ya Bell Labs ya Marekani ilizionyesha 1980. Ila zinadai nguvu kamili kwa upana wa pigo, na upotevu wa njiani huvunja mizani hiyo.