Semina ya PhD: "ukilinganisha na nini?"

SWALI: Mwalimu shikamoo. Nasoma uzamivu wa uchumi na fedha hapa Mombasa, mwezi ujao ni zamu yangu kuwasilisha kwenye semina ya idara. Kazi yangu ni ile sheria ya kuwekea riba kikomo ya 2016, nataka kuonyesha iliwakosesha mikopo wafanyabiashara wadogo kama hawa wa masoko ya Kongowea na Marikiti. Nina slaidi 45, mapitio ya maandishi peke yake ni 18. Juzi supavaiza kaangalia, akaniuliza "ukilinganisha na nini?" nikakosa la kusema. Halafu naona wenzangu wanakatizwa hata utangulizi hawajamaliza, mmoja alitoka analia. Nifanyeje? Binti wa Kisauni.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo swali la supavaiza ndo semina nzima, ukilijibu hayo mengine yatapungua yenyewe.

Sheria ilianza kazi Septemba 14, 2016, benki zikaambiwa riba ya mikopo isizidi pointi 4 za asilimia juu ya riba ya Benki Kuu, ikaja kufutwa Novemba 2019. Sasa ukisimama useme kabla mikopo ilikuwa inakua na baada ikadorora, mtu atanyanyua mkono akwambie kasi ya mikopo kwa sekta binafsi ilikuwa inashuka hata kabla ya sheria, na atakuwa kasema kweli. Imperial Bank ilifungwa Oktoba 2015, benki ya Chase ikafuata Aprili 2016, benki kubwa zikaogopa kuzikopesha ndogo, halafu 2017 tukapiga kura ya urais mara mbili na biashara nyingi zikasimama. Utajuaje kipi kilifanya nini?

Hapo ndo utafute wa kumlinganisha naye, na bahati yako ni kwamba kikomo hakikubana kila mtu sawasawa. Riba ya Benki Kuu wakati sheria inaanza ilikuwa asilimia 10.5, kwa hiyo mstari wa kikomo ni asilimia 14.5. Mteja aliyekuwa analipa 13 hakuguswa, aliyekuwa analipa 20 ndo benki ilibidi iamue imshushie au imwache. Basi chukua benki ambazo mikopo yake mingi ilikuwa juu ya mstari uziweke na zile zilizokuwa chini, uone kama zilikwenda sambamba kabla ya Septemba 2016 kisha zikaachana. Kama hazikuwa sambamba tangu mwanzo, ni afadhali ujue sasa kuliko kuambiwa mbele za watu.

Kuna na SACCO (vyama vya akiba na mikopo) na benki za mikrofainansi, yaani za mikopo midogo, hizo zina sheria zake na kikomo hakikuzihusu, wengi wataona ndo za kulinganisha. Lakini fikiria, mama wa mitumba akinyimwa benki si ataenda SACCO? Basi SACCO nayo imeguswa, mikopo yake imepanda kwa sababu hiyohiyo, na tofauti utakayopima itakuwa kubwa kuliko ukweli. Itumie, ila lisemee wewe mwenyewe kabla hujaulizwa.

Jiandae pia na makala ya wachumi Stiglitz na Weiss ya 1981. Walionyesha benki inaweza kuwanyima watu mikopo bila kulazimishwa na sheria yoyote, manake ikipandisha riba sana wanaobaki kuomba ni wale wa hatari. Yaani kunyimwa kulikuwepo tokea zamani, wewe unapima kilichoongezeka tu.

Na data je? Ripoti za mwaka za usimamizi wa mabenki za Benki Kuu zina hesabu za kila benki, nzuri, ila hazimjui muuza nyanya wa Kongowea hata kidogo. Kwa hizo sema habari za benki basi. Ukitaka kusema habari za watu angalia utafiti wa FinAccess wa 2016 na wa 2019, hao waliuliza watu wenyewe walikopa wapi. Kichwa cha kazi kifuate data uliyonayo, mimi hapo sina huruma.

Zile slaidi 18 toa, bakisha moja. Slaidi ya pili weka mchoro wako wa mistari miwili, mmoja wa benki za juu ya kikomo na mmoja wa zile za chini, na tarehe ya sheria imechorwa katikati, watu wabishane na kitu wanachokiona. Kukatizwa ni desturi ya semina za uchumi na mara nyingi ni dalili wanafuata, jibu kwa sentensi moja, kama jibu liko mbele sema liko slaidi ya ngapi uendelee, na mwenzako mmoja akuandikie maswali yote manake wewe hutayakumbuka. Lakini kumliza mwanafunzi sio ukali wa kisomi, ni kazi ya mwenyekiti kumzuia mtu wa hivo na nyinyi wanafunzi mna haki ya kumwambia mwenyekiti mapema, kabla ya siku yako.

Mchoro ukiwa tayari mpelekee supavaiza huo tu, bila slaidi zingine, umuulize kama jibu lake analiona hapo.