Wazawa walioko mbali waiteni kwa ujuzi wao kwanza

Desemba ikifika, mabasi ya Moshi hujaa, na treni ya kutoka Dar es Salaam, iliyorejea mwaka 2019, hubeba Wachaga wanaorudi nyumbani kwa sikukuu, "kwenda kuhesabiwa" kama utani unavyosema. Ni siku chache za neema, na vijiji vingi huzimaliza kwa harambee moja ya harakaharaka baada ya ibada ya Krismasi.

Mimi ni mweka hazina wa kundi la wazawa wa kijiji chetu. Viongozi wa vijiji, nawaomba msianze na mchango. Anzeni na daftari: nani yuko wapi, anafanya kazi gani. Sisi tulikuwa na boma la madarasa mawili lililofika usawa wa lenta likasimama, mvua inakula tofali. Hela zilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kuyasoma makadirio na kuyahoji. Kumbe tuna mzawa mkadiriaji majengo huko Mwanza, na miaka yote alichoombwa ni "tuma chochote". Alipotumiwa picha za karatasi za makadirio, alituma orodha kwa mwandiko wake: nondo, mbao zilizotiwa dawa, mabati ya geji 28, na kipi kinunuliwe kwanza. Ukurasa ule ulitusogeza kuliko harambee zetu zote.

Halafu risiti. Siku mzigo unaposhushwa, picha ya risiti iingie kundini pamoja na sahihi za kamati ya mapokezi. Aliyeko Dar au Marekani hachoshwi na kuchangia. Huchoshwa na kukaa miezi hajui hela yake imefika wapi.

Na sisi tulioondoka tukubali kwamba uamuzi si wetu. Kisheria, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wa miaka 18 na kuendelea. Nimeona mwenye uwezo aking'ang'ania ukumbi, wakati akina mama wanataka bomba la maji lisogezwe. Mifereji ya asili ya Kilimanjaro ilichimbwa na koo zilizoishi palepale, zikapangiana zamu za maji zenyewe. Peleka wazo lako, kisha kaa usikilize.

Watoto wetu waliozaliwa mjini nao waingizwe kundini mapema, wapewe kazi, maana wachangiaji wetu wakubwa wanastaafu. Kikao kiwe tarehe 27 au 28, kabla watu hawajaanza kufunga mizigo, na ajenda itumwe tangu Novemba.