Talisa hayumo kitabuni

Unauliza kama umeruka kurasa? Hujaruka, ndugu yangu. Unamtafuta Talisa, mke wa mfalme kijana Robb Stark katika tamthilia ya runinga Game of Thrones, ndani ya vitabu ilikotokana, na hutampata, hayumo kabisa. Kitabuni Robb Stark anamwoa Jeyne Westerling, binti wa ukoo unaowatumikia akina Lannister, yaani maadui zake. Robb yuko kitandani na jeraha, anapata habari kwamba wadogo zake wameuawa, msichana anamliwaza, yanatokea yaliyotokea. Kulipokucha akaona heri avunje ahadi yake ya kuoa binti wa ukoo wa Frey kuliko kumwachia binti wa watu aibu. Runingani anaoa kwa mapenzi tu. Mtu anaweza kusema ni jambo dogo, mimi naona linambadilisha Robb mzima: yule wa kitabuni anaponzwa na uungwana, huyu wa runinga anaponzwa na moyo wake.

Tena Jeyne hahudhurii ile Harusi Nyekundu, ambako akina Frey wanamuua Robb na watu wake, anabaki kwenye ngome ya Riverrun. Talisa ndiye anayechomwa visu vya tumbo, na mimba yake.

Umri wa wahusika nao watengenezaji wa tamthilia waliupandisha, na hapo siwalaumu. Kitabu cha kwanza kinapoanza Robb ana miaka 14, na Daenerys, binti wa kifalme aliye uhamishoni, 13!

Kuhusu misimu ya mwisho, usihangaike kulinganisha. Kitabu cha tano kilitoka 2011, na kufikia msimu wa sita, 2016, tamthilia ilikuwa imeshavipita vitabu kwa sehemu kubwa.

Ukimaliza kitabu cha tatu usikifunge bila kusoma sura ya mwishoni kabisa. Hiyo runingani hawakuigusa.